Gari Lililonukia Udi

Mama yangu hupimiwa maji. Asubuhi humjazia chupa ndogo ya plastiki, ile ya soda, na humo ndimo kinywaji chake chote cha siku: chai, mchuzi, maji ya kumezea dawa. Figo zake zimegoma. Anachokunywa hakina pa kutokea, basi hukaa miguuni, hukaa tumboni, na kikizidi hupanda kifuani, naye hulala amekaa, mgongo ukutani, akitafuta pumzi. Mara mbili kwa wiki hufungwa kwenye mashine hospitalini Malindi, damu yake ikatolewa, ikasafishwa, ikarudishwa mwilini. Sisi tunakaa Mambrui. Kati ya kitanda chake na mashine ile kuna barabara, na barabara hiyo ndiyo iliyoninunulisha gari.

Najua watu hununua gari la kwanza kwa furaha. Hupiga picha wameegemea boneti. Mimi nililinunua kwa sababu ya siku moja kwenye tuktuk. Mama akitoka kwenye mashine huwa hana hata nguvu ya kufunga buibui lake, na siku hiyo tuktuk ilikuwa haikosi shimo. Tulipokaribia daraja la Sabaki nikahisi kichwa chake kimeniegemea begani. Nikadhani amelala. Nilipomwita hakuitika. Nikapiga kelele, dereva akasimama kando, nikashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu, chupa yake ya maji, nikammwagia usoni. Akafungua macho. Akanitazama, akaitazama chupa.

"Mbona wanimwagia maji yangu?" akauliza.

Njia yote iliyobaki nililia, na nilikuwa nalia kwa hasira. Nimeumbwa hivyo, nimerithi kwa marehemu baba: huzuni ikinijia huvaa nguo za hasira. Nilimkasirikia dereva, nikaikasirikia barabara, nikamkasirikia hata mbuzi aliyekatiza mbele yetu. Nilipofika nyumbani nikamwambia mama kwamba nitanunua gari, liwe la namna gani, hata mkweche.

Mimi ni fundi wa cherehani. Nashona mapazia na mashuka ya hoteli za Watamu na Malindi, na leseni ya udereva ninayo tangu zamani, nilipokuwa dobi katika hoteli moja na kutumwa huku na kule na gari lao. Gari langu mwenyewe sikuwahi hata kuliota. Mama alitoa bangili zake za harusi bila kusema neno, mimi nikatoa akiba yangu yote, na hapo ndipo pesa zetu za duniani zilipoishia. Hapakuwa na nafasi ya kukosea.

Nililijua hilo, na ndiyo maana nikaenda na fundi wa magari. Ni Mgiriama wa upande wa Gongoni, mtu mzima, mwenye gereji iliyo karibu na duka ninakonunulia vitambaa. Alikubali kuja kwa nauli na chakula cha mchana. Alibeba tochi na gunia la kulalia chini, na ndani ya tuktuk alitusimulia juu ya magari ya pwani. "Uzuri wa gari la huku hauko juu, mayo," alimwambia mama, maana hivyo ndivyo kwao wanavyomwita mama. "Juu hupakwa rangi. Mimi nitalitazama tumboni."

Kosa langu lilikuwa kumchukua mama. Lakini ningemwachaje? Pesa ni za bangili zake, na nyumbani angebaki peke yake. Zaidi ya hayo alikuwa anataka kuliona. Alivaa doti mpya ya leso ndani ya buibui, akajipaka hina vidoleni siku moja kabla, ungedhani tunaenda kuposa.

Yadi yenyewe ilikuwa pembezoni mwa mji wa Malindi, uwanja wa changarawe wenye magari yaliyooshwa yakang'aa, na banda la makuti upande mmoja kwa ajili ya wageni. Mwenye yadi alitoka kutupokea. Alikuwa mtu wa makamo, kanzu safi, kofia iliyoshonwa kwa mkono, sauti ya upole. Hakunitazama mimi wala fundi. Alimwendea mama moja kwa moja, akauinamia mkono wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwatoka wapi na jua hili?"

"Mambrui."

"Mambrui!" Akashika kifua. "Mamangu ni wa Mambrui. Wewe ni wa nyumba gani, mama?"

Basi ikaanza ile safari ambayo kila mtu wa kwetu anaijua. Nyumba gani, mlango gani, nani aliolewa na nani, nani alihamia Lamu akarudi. Hawakufika mbali. Mama aliuliza kama mamake ni yule mwenye kovu la moto mkono wa kushoto, naye akasema ndiye huyo huyo, Mungu amrehemu. Mama akapiga makofi.

"Tulisoma naye chuo kimoja cha Kurani! Tulitandikwa pamoja na mwalimu wetu kwa kuiba kungu mtini kwake!"

Mwenye yadi akacheka hadi akafuta machozi. Nami nasema haki, sidhani kicheko kile kilikuwa cha uongo. Mamake alikuwa kweli amesoma na mama yangu, na kungu kweli waliiba. Kama angekuwa amezua udugu ule ningemjua palepale, na mambo yangekuwa rahisi.

Tukakaribishwa bandani. Akachagua madafu mwenyewe kutoka kwenye rundo la kivulini, akayatikisa moja moja sikioni, akalikata moja na kumpa mama kwa mikono miwili.

Dafu kwa mama ni sumu. Muuguzi alinieleza hilo siku ya kwanza kabisa, akanishika mkono ili nisisahau: maji yake mengi ni hatari, na chumvi iliyo ndani yake yaweza kuusimamisha moyo wa mtu asiye na figo. Nikafungua mdomo.

"Mama yangu haru..."

Mama akanifinya. Alinifinya pajani chini ya buibui, kwa kucha, kama alivyokuwa akinifinya nilipokuwa mdogo nikiomba kitu nyumba ya watu. Nikanyamaza. Kwa mama, kurudisha kitu mkononi mwa mwenyeji ni kumwambia humwamini, na kumweleza mtu maradhi yako mara tu anapokukaribisha ni kuomba kuhurumiwa. Akasema bismillahi, akanywa. Alikunywa kiasi cha robo, pole pole, amefumba macho. Nami nilihesabu kila funda likipita kooni mwake.

Kisha tukaonyeshwa gari. Lilikuwa jeupe, la Kijapani, lenye mgongo mrefu nyuma, la zamani lakini limetunzwa, au ndivyo macho yalivyoona. Akafungua mlango, na harufu ya udi ikatoka. Udi wa kweli, si marashi ya dukani. Alikuwa amelifukiza ndani hadi vitambaa vya viti vilikuwa vimeshika harufu, kama chumba cha bibi harusi. Mama akaingiza kichwa, akavuta pumzi ndefu.

"Gari la watu wema hili," akasema.

Fundi aliwasha injini, akasikiliza, akaridhika. Akajaribu breki, akazungusha usukani. Kisha akatandaza gunia lake kwenye changarawe, akashika tochi, akaanza kujiingiza chini. Mabega yalikuwa yamekwisha kupita. Mama akamwona.

"Wewe! Toka huko chini."

Fundi akasimama palepale, nusu ndani, nusu nje.

"Mwache akague, mama," mwenye yadi akasema kwa upole. "Ni haki yake. Gari ni kitu cha kukaguliwa."

"Akague nini? Kwani wewe utaniuzia mimi kitu kibaya?"

"Wallahi mama, mwache tu. Mimi sikasiriki."

Alilisema tena, na tena, na kila alipoturuhusu ndivyo ilivyozidi kuwa aibu kufanya. Leo nikikumbuka naona ilikuwa hila ya muuzaji stadi. Angekataa, ningemtilia shaka papo hapo, ningelala chini mimi mwenyewe na buibui langu. Lakini aliruhusu kwa sauti ya mtu aliyeumizwa kidogo anayevumilia, na mama akaona haya kwa niaba yetu sote.

"Mwanangu, toka," akamwambia fundi. "Usinivunjie heshima kwa mtoto wa mwenzangu."

Fundi akanitazama mimi. Mimi ndiye niliyemleta, mimi ndiye nitakayemlipa, na neno langu moja lingetosha. Lakini mbele za watu mama hapingwi. Hata mimi na ulimi wangu huu sijawahi. Nikamwambia atoke. Akakunguta gunia, akalikunja, akalitia kwapani, nami nikahesabu pesa, tukarudi Mambrui na gari.

Jioni hiyo moyo wa mama ulipigapiga ovyo. Alikaa barazani ameshika kifua, akisema ni furaha ya gari. Nilijua ni dafu. Siku ya mashine walipopima damu yake, muuguzi alimgombeza kwa upole, akauliza amekula nini. Mama akasema hajui. Nilimwambia muuguzi, na mama hakusema nami njia nzima ya kurudi.

Lakini tulirudi kwa gari, na lazima niseme hivyo kwa sababu zilikuwepo siku hizo nzuri, ingawa chache. Mama alikaa mbele, mto nyuma ya kiuno, mkoba wa dawa mapajani. Alishusha kioo, akawaamkia watu wote wa mtaa mmoja mmoja. Baada ya mashine nilikuwa nalaza kiti chake nyuma, naye alilala usingizi hadi mlangoni kwetu. Nilipovuka daraja la Sabaki nilikuwa namtazama, nikiona kifua kinapanda na kushuka, nami nikihisi kwamba kwa mara ya kwanza tangu augue nimefanya jambo lenye maana.

Kitu cha kwanza kuja kilikuwa harufu. Jua lilipokaa juu ya gari siku nzima, udi ulianza kuchoka, na chini yake kulikuwa na kitu kingine. Mama alisema ni mfuko wangu wa sokoni. Nikatoa mifuko yote, nikaosha viti, nikafukiza udi wangu mwenyewe. Harufu ilirudi. Ilikuwa harufu ya samaki.

Kisha masika yakaja. Tulikuwa njiani kwenda hospitali, nikapita juu ya dimbwi, na mama akaruka kwenye kiti chake.

"Maji!" akasema. "Maji yanipanda miguuni!"

Nikadhani dirisha liko wazi. Nikasimama kando, nikainua zulia la plastiki chini ya miguu yake. Palikuwa na kipande cha mbao nyembamba kilichopakwa lami. Nikakivuta, kikatoka bila kupinga. Chini yake palikuwa wazi, nami nikaiona barabara ya Mambrui kupitia sakafu ya gari langu.

Nililirudisha zulia, nikamwambia mama aweke miguu pembeni. Nikampeleka hospitali. Nilipomwacha kwenye mashine nikakaa ndani ya gari, mikono kwenye usukani, nikiiambia nafsi yangu kwamba ni tundu tu, tundu huzibwa.

Siku iliyofuata nililipeleka gari kwa fundi. Alitia jeki chini ya ubavu, akaanza kupampu. Jeki ikapanda. Gari halikupanda. Kichwa cha jeki kilizama ndani ya chuma kwa sauti ya kukanyaga majani makavu, na vipande vya kutu vikamwagika chini. Fundi akaacha. Akalala kwenye gunia lake, lile lile, akaingia na tochi, akakaa huko kwa muda mrefu. Alipotoka hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

"Hili lilikuwa likibeba samaki, dada. Miaka na miaka. Barafu ikiyeyuka, maji ya chumvi yashuka chini, yakaa humo. Chuma chote kimeliwa. Wamepaka rangi nyeusi na lami juu ya kutu."

"Lachomeleka?"

"Nitachomelea juu ya nini? Hakuna chuma cha kushika."

Alinipigia bati kwenye sakafu kwa skrubu, akakataa malipo, akaniambia nisilipeleke mbali. Gurudumu la mbele limeshikwa na imani tu, alisema. Nikamshukuru, na wiki hiyo hiyo nikampeleka mama Malindi kwa gari hilo. Ningefanya nini? Pesa ya tuktuk ya kukodi ilikuwa imeingia kwenye gari. Niliendesha polepole, nikisoma kila dua ninayoijua, na mama akadhani nimekuwa mcha Mungu.

Lilituangusha kabla ya daraja, asubuhi ya mvua. Kulikuwa na mlio mmoja mkubwa, gari likainama upande wa mama, likaburura chuma kwenye lami, likasimama. Gurudumu lilikuwa limelala ndani. Nashukuru nilikuwa mwendo wa kobe. Mama alijishika kwenye mlango.

"Tumefika?" akauliza.

Nilisimama barabarani nikipunga mkono. Tuktuk zilizopita zilikuwa zimejaa, bodaboda mama hawezi kupanda, na magari binafsi yalinirushia maji. Nilipiga magoti mbele ya gari moja, nasema ukweli, nilipiga magoti kwenye lami na buibui langu likilowa, nalo likanizunguka likaenda. Tulipopata tuktuk na kufika hospitali, zamu ya mama ilikuwa imepita na mashine zote zina watu. Muuguzi alisikitika. Hawezi kumtoa mtu kwenye mashine. Akaniambia tuje kesho, atatuingiza mwisho wa zamu.

Sitaki kueleza sana yaliyopita hadi hiyo kesho. Mama alivimba. Miguu ilikuwa ukiibonyeza inabaki na shimo la kidole. Alikaa ukutani amefungua mdomo, na kila pumzi ilikuwa na sauti ya maji ndani yake. Chupa yake ya siku ilikuwa mezani, ingali imejaa nusu. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu, na mimi, mwanawe, nilikuwa namnyima maji. Aliniomba mara moja tu. Nikamlowesha midomo kwa kitambaa, akakinyonya kile kitambaa, nikakivuta. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Nilijiona nimemuua mama yangu kwa pesa za bangili zake mwenyewe.

Kesho yake mashine ilimrudishia pumzi. Nilipomwona amelala vizuri, nikaenda yadi peke yangu.

Mwenye yadi akanipokea kwa uso mkunjufu. "Karibu mwanangu! Mama hajambo?"

Nilianza kupiga kelele kabla ya kufika kivulini. Nilimwambia kila kitu: mbao, lami, samaki, gurudumu, mvua. Wateja waligeuka. Yeye alisubiri, mikono imefumbatwa mbele ya kanzu, hadi nilipokosa pumzi.

"Gari ni la zamani, mwanangu, ulilijua. Nilisema mkague. Nilisema mara ngapi? Fundi wako alikuwepo. Mliona, mkaridhika."

"Ulijua limeoza!"

"Mimi nauza magari. Yaliyo ndani ya chuma ayajua Mungu." Kisha akapunguza sauti, akanisogelea, akasema kwa upole ule ule: "Usipige kelele mbele za watu. Mamako hakukulea hivi."

Maneno hayo yalinimaliza. Yalikuwa kweli. Mama hakunilea hivyo; alinilea ninyamaze mbele za watu, na ndiyo maana nilikuwa pale. Nikageuka nikaondoka, na nyuma yangu nilimsikia akimwambia mteja mmoja kwamba watoto wa siku hizi wana shida zao, awawie radhi.

Sikukusudia kumwambia mama. Lakini alinitazama siku nzima nikichoma vidole kwa sindano, na mwishowe akaniuliza, nami nikamwaga yote. Nilimwambia hata lile la malezi. Kisha akaniuliza siku ya mashine ni lini.

"Kesho."

"Tukitoka, tupitie kwake."

"Mama, ukitoka huwezi hata kusimama."

"Nitakaa," akasema.

Tulifika kwa tuktuk, mama amejikunja kwenye kona ya kiti, rangi imemtoka. Nilimshika kiuno kutoka getini hadi bandani. Mwenye yadi alipomwona alikuja mbio, akauinamia mkono wake. Shikamoo. Marahaba. Akamuuliza hali, mama akasema alhamdulillahi. Akauliza juu ya watu wa Mambrui, mama akamjibu mmoja mmoja, na mimi nikaanza kukasirika upya, nikidhani amekuja kuomba radhi kwa kelele zangu. Mwenye yadi naye nadhani alidhani hivyo. Akaenda kwenye rundo la madafu. Akayatikisa sikioni, akachagua, akakata, akaleta kwa mikono miwili.

Mama hakunyoosha mkono. Alipoona bado linamngoja, akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa dafu, akaufunika. Hina ya vidoleni ilikuwa imebaki kwenye ncha za kucha tu.

"Sinywi," akasema.

Mwenye yadi akatabasamu. "Kidogo tu mama. Jua kali."

"Figo zangu zimekufa, mwanangu. Maji napimiwa. Dafu nimekatazwa kabisa, laweza kuniua. Siku ile nililijua hilo, nikanywa, kwa kuwa ulinipa wewe, mtoto wa mwenzangu. Gari lile ni la kunipeleka kwenye mashine. Sikukwambia kwa kuwa sikutaka unihurumie katika bei."

Hakupaza sauti. Wateja wawili chini ya banda walikuwa wameacha mazungumzo yao.

"Mamako na mie tulitandikwa pamoja," akaendelea. "Mwombe Mungu akukutanishe naye huko aliko. Muulize tuliiba nini. Tuliiba kungu tu."

Mwenye yadi alibaki amelishika dafu. Akasema tutazungumza, akasema yeye atatazama la kufanya, akasema inshallah. Mama akaitikia inshallah kama adabu inavyotaka, akaniambia nimwinue. Tulipokuwa tunaelekea getini aliniita, dada, dada, subirini niwape gari liwafikishe nyumbani. Mama alisikia. Aliendelea kutembea, hatua ndogo ndogo, uzito wake wote mkononi mwangu.

Hajapiga simu hadi leo. Gari liko nyuma ya nyumba limeinama upande, na jua likiwaka sana bado kuna siku linanukia udi. Sisi tumerudi kwenye tuktuk, na ninashona hadi macho yanauma ili niilipe. Sijui tutaendelea hivi hadi lini, na sipendi kujiuliza.

Siku ile tuliyotoka yadi, tulipokaribia daraja, nilikuwa nimemkumbatia ili mashimo yasimtikise. Nilikuwa nataka kumwambia jinsi nilivyojivunia, jinsi uso wa yule mtu ulivyoporomoka, lakini nilimwona analamba midomo, ulimi mkavu ukizunguka kwenye nyufa. Nikafungua chupa yake. Yalikuwa yamebaki maji ya kufunika kitako tu. Akayanywa kwa mara moja, akanirudishia.

"Lilikuwa dafu zuri lile," akasema. "La urojo, nyama laini ndani. Niliona alipolikata."

Kisha akageuza uso upande wa Mto Sabaki, akayatazama maji hadi tulipomaliza daraja.